Tanuri Liliwashwa Ubavuni mwa Nyumba

Kesi ya Owino Uhuru imefuatiliwa na wengi, na mwisho wake unajulikana: Desemba 2024, Mahakama ya Juu ya Kenya ilirudisha fidia ya shilingi bilioni 1.3. Katika shangwe ile, kosa la msingi lilipita bila kutajwa sana. Tanuri la kuyeyusha risasi ya betri kuukuu liliruhusiwa kuwaka ubavuni mwa kijiji hicho cha Owino Uhuru, chenye watu wapatao 3,000, hapa Mombasa.

Uamuzi wa kuliruhusu haukuwa na utetezi wa kitaalamu hata kidogo. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, lakini unga wa oksidi na salfeti ulioganda kwenye bamba za betri hudai moto wa nyuzi 1,000 hivi, na hapo moshi hutoka na chembe laini za risasi. Zikikosa vichujio vya kuzinasa, hutua kwenye mabati, na mvua huziteremsha hadi kwenye ndoo. Mtoto anayetambaa huzilamba vidoleni. Mwili huichukulia risasi kama kalsiamu na kuihifadhi mifupani. Mama naye humpitishia mwanawe kwenye maziwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Dalili zilikuwepo mapema. Kiwanda kilianza kazi 2007. Kati ya Novemba mwaka huo na Machi 2008, watoto 18 walikufa Thiaroye-sur-Mer, Dakar, kwa risasi ya betri zilizovunjwa mtaani. Hapa Mombasa kwenyewe, wataalamu waliotathmini athari walishauri kiwanda kihamishwe. Uongozi wa kiwanda ukaipuuza ripoti, nayo mamlaka ikaliacha tanuri liendelee hadi 2014. Ndiyo maana mahakama ya Mombasa, ilipogawa lawama mwaka 2020, iliibebesha NEMA, mamlaka ya kitaifa ya kusimamia mazingira, asilimia 40, fungu zito kuliko la kampuni yenyewe. Ilistahili.

Phyllis Omido, mwanaharakati aliyeongoza wanakijiji katika kesi hiyo, alipigana vizuri, na Tuzo ya Goldman ya 2015 ilikuwa haki yake.

Kuyeyusha betri kuukuu husifiwa kuwa ni kugeuza taka kuwa mali, lakini safu hii haijawahi kuupenda wimbo wa "taka ni mali" unaoimbwa kwenye kila warsha. Sufuria za kusubu kwa vyuma chakavu nazo zilisifiwa hivyo hivyo, mpaka utafiti wa Cameroon wa 2014 ulipoonyesha kwamba zinaachia risasi kwenye chakula.

Mwanamazingira René Haller hakufanya kazi namna hiyo, ya kusifu kabla ya kupima. Mwaka 1971, kwenye machimbo matupu ya saruji ya Bamburi, mji huu huu wa Mombasa, alijaribu aina 26 za miti. Tatu tu zilistahimili. Akaushika mvinje, kisha akaleta majongoo watafune majani yake makavu hadi yawe udongo. Alipima kwanza, akapanda baadaye.

NEMA ianzie hapo. Anayeomba leseni ya kuyeyusha betri alete kwanza ramani ya nyumba zinazomzunguka, na kama moshi wake utazifikia, anyimwe.