Matundu Sita ya Habu

Fundi anayeigeuza habu ya breki za diski ili itumike kwenye baiskeli isiyo na friwili hastahili kuitwa mbahili. Ameitazama habu hadi akaona kazi ambayo kiwanda hakikuitaja. Upande wa kushoto wa habu nyingi za nyuma kuna matundu 6 ya bolti za M5, kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 44, yaliyowekwa ili kushika diski. Fundi huligeuza gurudumu, kushoto kukawa kulia, na palipokaa diski akafunga sproketi. Zamani breki ilipokamata, diski iliisukuma habu kinyume cha mwendo wa gurudumu. Habu ikishageuzwa, mnyororo unaoipeleka mbele huisukuma kuelekea upande uleule iliouzoea. Chuma na spoki zilizopokea breki sasa zinapokea mguu wa mpandaji, na hakuna aliyezipangia hivyo. Kuligundua hilo kwa kutazama tu ni elimu kamili.

Wapo wanaosema bolti za diski ni nyembamba mno kubeba nguvu za miguu. Hofu hiyo ina haki ya kujibiwa kwa hesabu. Mpandaji wa kilo 80 akisimama kwa uzito wake wote juu ya pedeli yenye mkono wa milimita 170, sproketi ya mbele ikiwa na meno 44 na ya nyuma 17, habu hupata msokoto wa nyutonimita 50 hivi. Akivuta na usukani kwa mikono, na tuufanye mara mbili. Matundu ya mpangilio huohuo kwenye gurudumu la mbele, breki inapobanwa kwa nguvu, hubeba nyutonimita 150 na hayalalamiki. Wengine watauliza kwa nini asinunue habu ya mbio za uwanjani, ambayo sproketi yake hufungwa kwa nyuzi na kuzuiwa kwa pete yenye nyuzi za kushoto. Habu hiyo ni njema, na waendeshaji wa keirin, mbio za uwanjani za Japani, wanashindana kwa gia isiyo na friwili tangu 1948. Lakini upana wake wa kawaida ni milimita 120, na fremu za breki za diski zilizozoeleka zilitaka 135. Tena pete ikilegea, mguu unaosukuma nyuma huifungua sproketi na kuzila nyuzi. Bolti 6 hazina ugonjwa huo.

Ugumu wa kweli uko kwenye vipimo, na hapo ndipo anapojulikana fundi. Sproketi ikikaa mahali pa diski, mnyororo hupita kama milimita 52 kutoka katikati ya fremu, kwa hiyo sproketi ya mbele lazima isogezwe ilingane nayo. Rimu haihitaji kukazwa upya kwa spoki, kwa kuwa iliyokuwa katikati hubaki katikati gurudumu likigeuzwa. Breki ya mbele ibaki, kwa sababu barabarani miguu peke yake haitoshi.

Kinachosikitisha ni kwamba jicho hili linakosa kazi. Habu ambayo friwili yake imekufa mara nyingi ina beringi nzima, na ikigeuzwa friwili hiyo haihitajiki tena, lakini gurudumu zima hupelekwa jalalani. Fremu mpya nazo hushika ekseli ndani ya tundu lililozibwa pande zote, gurudumu lisiweze kuvutwa nyuma kukaza mnyororo. Kila toleo linakuja na upana wake, na la jana linaachwa bila vipuri. Tunauziwa vitu vigumu kuliko vya baba zetu, kisha tunavitupa upesi kuliko wao. Mwenye gurudumu la namna hiyo stoo asilitupe kabla ya kuzungusha ekseli kwa vidole na kuzisikiliza beringi zake.