Tindikali na Ilhamu: Kuisoma Sanaa ya Bruce Onobrakpeya

Neno ilhamu limezoea kutajwa pamoja na mshairi kuliko pamoja na fundi. Mshairi husemwa kuwa amejiwa. Fundi husemwa kuwa amejifunza. Utengano huo umewadhuru wengi, hasa vijana wanaokaa na karatasi tupu wakingojea kujiwa. Anayetaka kuupima ukweli wake na aitazame kazi ya Bruce Onobrakpeya, mchapaji picha wa Nigeria, aliyezaliwa mwaka 1932 Agbarha-Otor, katika nchi ya Waurhobo upande wa delta ya mto Niger.

Sanaa yenyewe yastahili kuelezwa kwanza, kwani wasomaji wa pwani wanaijua nakshi ya mlango kuliko picha ya bamba. Mchapaji huchukua bamba la shaba au zinki, akalipaka tabaka jembamba la nta iliyochanganywa na lami. Juu ya tabaka hilo huchora kwa sindano, akiikwangua nta tu mpaka madini yaonekane. Kisha hulitia bamba ndani ya tindikali. Palipofunikwa hapaguswi, palipo wazi huliwa. Likikaa kidogo, mstari huwa mwembamba. Likikaa sana, mstari huwa mfereji wenye kushika wino mwingi. Nta huondolewa, bamba likapakwa wino na kufutwa uso, wino ukasalia mferejini. Mwisho, karatasi iliyoloweshwa hulazwa juu yake na vyote viwili hupitishwa katika mashine ya rola kwa mgandamizo mkubwa. Picha hutoka kinyume: mkono wa kulia huwa wa kushoto, na maandishi husomeka sawa iwapo tu yaliandikwa kinyume tangu awali.

Katika kazi ya namna hii msanii hashiki hatamu zote. Sindano ni yake, lakini anayekamilisha mstari ni tindikali. Mshairi wa vina na mizani anaielewa hali hiyo: wazo ni lake, ila kina humkatalia neno alilolipenda na kumlazimisha kutafuta jingine, na pengine hilo jingine ndilo linaloubeba ubeti mzima.

Onobrakpeya aliingia mwaka 1957 katika Chuo cha Sanaa, Sayansi na Teknolojia cha Nigeria, mjini Zaria, ambako mafunzo yalifuata mwendo wa Ulaya. Mwaka 1958 kikundi cha wanafunzi, wakiwemo Uche Okeke, Demas Nwoko na Onobrakpeya mwenyewe, kiliunda Chama cha Sanaa cha Zaria. Rai yao, iliyoelezwa vyema zaidi na Okeke, ilikuwa kwamba ufundi wa kigeni usikataliwe wala usiabudiwe. Uunganishwe na urithi wa nyumbani kwa kadiri unavyofaa. Kwa Onobrakpeya, nyumbani palimaanisha ngano, miungu na methali za Waurhobo. Hivyo kabla hajaijua vyema tindikali, alikuwa tayari na jambo la kusema.

Ufundi wa kuchora kwa tindikali ulimfikia baada ya masomo ya Zaria, mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika warsha zilizoongozwa na mchapaji wa Kiholanzi, Ru van Rossem. Msanii aliyekwisha kuhitimu alikubali kuwa mwanafunzi tena. Akarudia hivyo mwaka 1975, alipohudhuria mafunzo Haystack, katika jimbo la Maine, Marekani.

Tukio linalotajwa zaidi katika maisha yake ni lile la mwaka 1967, ambalo mwenyewe huliita ajali ya tindikali ya hidrokloriki. Mabamba yake yaliharibika. Badala ya kuyatupa, alijaribu kuyaokoa kwa gundi nzito, na kutokana na jaribio hilo akapata uso wenye mabonde na miinuko ambao bamba la kawaida halitoi. Njia hiyo akaiita plastografu. Karatasi yake haichukui wino peke yake. Huchukua na umbo, hata mtazamaji hutamani kuipapasa kama apapasavyo nakshi.

Kisa hiki husimuliwa kana kwamba bahati ndiyo iliyotenda kazi. Lakini mabamba huharibika katika kila karakana, na mengi huishia jaani. Lililomwezesha huyu kuona picha katika uharibifu ni macho yaliyokwisha kuzoeshwa miaka kumi kutazama ngozi ya mti, shaba iliyofuliwa, nguo iliyotiwa rangi na ngano iliyojaa mizimu. Ajali ilimpa uso mpya, naye alikuwa na cha kuuandika juu yake. Asiyekuwa na hadithi angeona mashimo tu.

Ushahidi mwingine umo katika kitabu. Mwaka 1968 Wole Soyinka alichapisha tafsiri yake ya Kiingereza ya riwaya ya D. O. Fagunwa, *Ogboju Ode Ninu Igbo Irunmale*, iliyotoka kwa Kiyoruba mwaka 1938. Michoro ni ya Onobrakpeya. Msitu wa Wayoruba ulipita kwanza katika lugha ya mfasiri, ukapita tena katika mkono wa Murhobo, na bado ukabaki kuwa msitu wenye vitisho. Kila mfasiri anaijua kazi ya bamba: huandika kinyume ili msomaji asome sawa.

Sifa hizi zisiifunike dosari. Onobrakpeya hurudia sana maumbo yaliyomfanikia, akiyachapa kwa rangi na njia tofauti, na katika baadhi ya picha nakshi hujaa kila pembe hata jicho likakosa pa kupumzikia. Aidha Ibiebe, alama za maandishi alizozibuni kutokana na fikra za Waurhobo, kwa mtazamaji asiyezijua hubaki kuwa pambo. Washairi nao wanaifahamu hatari hii: kina kilicholeta ubeti mzuri mara ya kwanza huweza, kikirudiwa kwa mazoea, kuuzima wa pili.

Hata hivyo mizani inamwelemea kwa wema. Mwaka 1998 alianzisha warsha ya Harmattan, nayo akaiweka Agbarha-Otor alikozaliwa, si katika jiji la Lagos alikofanyia kazi miaka mingi. Wasanii husafiri hadi huko, wakakaa pamoja, wakachapa, wakachonga, wakaharibu na kutengeneza upya. Anayefika huko akingojea kujiwa hupewa bamba na sindano. Kijana wa pwani anayengoja ubeti umshukie naye ana bamba lake: lugha aliyoikuta nyumbani, yenye kanuni zitakazomkatalia mara nyingi kabla hazijamkubalia.