Nionyeshe Ramani

Juma lililopita nilikaa kwenye benchi la stesheneri moja mtaa wa Makanyagio, hapa Mpanda, nikasikiliza watu wakimsifu fundi. Mwenye studio ya picha alikuwa ameleta diski ya GB 500 inayogonga, ndani yake harusi, mahafali na vipaimara vya miaka mingi. Baada ya siku mbili fundi akairudisha pamoja na diski mpya, akasema imeji, yaani nakala ya diski nzima, imetoka yote. Watu wakampa mkono. Mmoja akasema sasa hatuna tena haja ya kupeleka diski Mwanza. Nikauliza jambo moja: ramani iko wapi? Akanijibu kwamba kazi imekwisha, ramani ya nini tena.

Tukafungua imeji pale pale. Bibi harusi wa kwanza alikuwa mzima mpaka shingoni. Chini ya shingo, kijivu kitupu. Folda ya mahafali ilifunguka, majina ya mafaili yote yapo, nusu ya picha hazifunguki. Na bado sifa ziliendelea, kwa kuwa majina walikuwa wameyaona. Nimerudi nyumbani na hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyoniketisha kuandika.

Fundi hujianika mapema, kabla diski haijachomekwa, pale anaposakinisha chombo chake cha kunakili diski inayokufa. Kwenye Debian na Ubuntu, asiyejua huandika apt install ddrescue. Kifurushi kinashuka, hakuna kosa lolote kwenye teminali, anaridhika. Kilichoshuka ni dd_rescue ya Kurt Garloff, programu nyingine kabisa. Inayotakiwa kwa kazi hii ni GNU ddrescue ya Antonio Díaz Díaz, iliyoanza mwaka 2004, na humo Debian imefungwa kwa jina la gddrescue, herufi g mbele. Ukishaisakinisha, amri yake unaiita ddrescue, bila g. Fedora na Arch wao wameiacha kwa jina lake. Basi kijana anaangalia video ya mtu wa Fedora, anaileta amri nzima kwenye Ubuntu yake, inamgomea, anahitimisha kwamba chombo ni kibovu. Na dd_rescue sina ugomvi nayo, ni kazi ya mtu makini. Ugomvi wangu ni na anayeshika chombo asijue ameshika kipi. Fundi mzuri, kabla ya yote, huandika ddrescue --version na kusoma mstari wa kwanza. Nimemwona mmoja tu akifanya hivyo mwaka huu.

Tena asisakinishe siku ya kazi. Hapa kwetu bando huisha katikati ya shughuli, na mteja amekaa mlangoni. Fundi wa kweli ana flashi yenye kifurushi cha gddrescue tayari, cha mashine za biti 64 na cha zile kongwe za biti 32 ambazo bado zipo maofisini, anakiweka kwa dpkg -i bila kuhitaji mtandao. Ni kifurushi chepesi, hakitegemei kitu zaidi ya maktaba za kawaida ambazo kila Linux inazo. Mimi nawaamini zaidi wanaojenga wenyewe kutoka kwenye chanzo. Chanzo hicho hutolewa kwa mkunjo wa lzip, kazi ya mtunzi huyo huyo, na ni hapo wengi wanapokwama: wanakuta .tar.lz, hawana lzip, wanasema faili limeharibika njiani. Aliyevuka hapo, akapitia ./configure, make na make install, ameshaonyesha subira, na bila subira kazi hii haifanyiki.

Jambo moja halina msamaha. Wapo wanaowasha kompyuta ya mteja kwa kutumia diski ile ile inayokufa, kisha wanasakinisha chombo humo humo. Kila kinachoandikwa kinaweza kukalia kilichotaka kuokolewa, na kila dakika ya kuwaka inamaliza kichwa cha kusomea kilichobaki. Ukimwona fundi anafanya hivyo, chukua diski yako uondoke, hata kama umeshalipa.

Sasa ramani. Nitakaa hapa, kwa sababu hapa ndipo asiye fundi hupita bila kusimama.

Amri ya ddrescue hupokea vitu vitatu: diski inayosomwa, imeji inayoandikwa, na faili la ramani. Cha tatu si lazima. Ukikiacha chombo hakilalamiki, hakikuonyi, kinaendelea kunakili kwa utulivu, na ndiyo maana watu wanakiacha. Ila ramani ndiyo inayojua kila kipande cha diski kimefikwa na nini. Kilichosomwa kina alama ya kujumlisha. Sekta mbovu ina alama ya kutoa. Ambacho hakijaguswa kina alama ya kuuliza. Nyota ni kipande kilichoshindikana na bado hakijapunguzwa kingo, na mshazari ni kile ambacho bado hakijakwanguliwa sekta kwa sekta. Kila mstari unaanza na mahali, kisha ukubwa, kisha alama. Nikifungua ramani iliyofanywa vizuri naiona diski ilivyoumia: jeraha moja kubwa mwanzoni, au madoa madogo yaliyotawanyika kwa mpangilio unaojirudia, ambayo mara nyingi husema kwamba kichwa kimoja kimekufa na vingine vizima. Fundi anayesoma ramani anajua asubuhi kama arudie kwa -r3 au aiache diski ipumzike. Asiye nayo anabahatisha.

Na ramani ndiyo kumbukumbu ya safari. Umeme ukikatika, unaandika amri ile ile kwa ramani ile ile, na kazi inaendelea ilipoishia. Bila ramani unaanza upya kutoka sekta ya kwanza, na diski inayokufa haina safari mbili za namna hiyo. Mtu wa mji ambao umeme haukatiki anaweza kulipuuza hilo. Mpanda kwa miaka mingi iliwashwa na jenereta za dizeli, nje ya gridi ya taifa, na sisi tuliojifunza kazi katika miaka hiyo tulihesabu saa za umeme kama mama anavyohesabu madebe ya mchele. Kwa fundi wa Katavi, kuacha ramani ni kosa zito kuliko kwa fundi wa mahali pengine popote.

Wapo walioisikia ramani lakini wanaiweka pasipofaa. Wanawasha mashine kwa flashi ya Linux hai, wanaiandika kwenye folda ya nyumbani ya mfumo ule ule, kumbe folda ile iko kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukizima, ramani imezima nayo. Ramani ikae kwenye diski ya tatu, au pembeni ya imeji kwenye diski ile mpya. Chombo chenyewe huihifadhi kila baada ya muda mfupi, kuanzia sekunde 30. Kazi yako ni kuipa mahali pasipofutika.

Kisha kuna vichwa vya ramani, mistari ile ya mwanzo yenye alama ya reli. Huko chombo huandika toleo lake, amri nzima iliyotumika, saa ya kuanza na saa ya sasa. Wadanganyifu wengi hawajawahi kuisoma. Fundi mmoja aliyekifanyia kazi chama fulani cha wakulima wa tumbaku alileta ramani safi, alama za kujumlisha tupu, diski ya GB 500 isiyo na doa. Chama kilikuwa tayari kumlipa. Nikatazama saa: kuanza na kumaliza vilipishana dakika sita. Diski ya aina ile ikiwa nzima kabisa, ikienda MB 100 kwa sekunde, inahitaji zaidi ya saa moja na dakika 20; ikiwa mgonjwa, siku nzima au mbili. Dakika sita zingetaka mwendo ambao waya wa SATA wenyewe hauwezi kupitisha. Nikatazama mstari wa amri: kilichosomwa kilikuwa flashi. Alikuwa amepiga imeji ya flashi yake, akaibadilisha ramani jina.

Aliyenifundisha kusoma ramani alikuwa mzee aliyetengeneza redio kabla hajagusa kompyuta. Alikuwa na nambari moja kichwani, 976,773,168, ambayo ni idadi ya sekta za diski nyingi zinazouzwa kama GB 500. Ukimletea ramani anajumlisha ukubwa wa vipande kwa kalamu, anazidisha nambari yake kwa 512, anapata 500,107,862,016, na jumla zisipolingana anakurudishia kazi bila neno. Siku moja nilimletea imeji niliyojivunia, asilimia 99 na zaidi. Akauliza asilimia ile iliyobaki imelala wapi. Sikujua. Ilikuwa imelala juu ya daftari la mikopo, kitu pekee alichokuwa anakitaka mwenye diski. Tangu siku hiyo sikubali asilimia isiyo na ramani.

Mambo mengine nayataja haraka. Anayetumia dd peke yake kwa diski mbovu hajui kazi. Dd ni chombo cha heshima, shina lake ni Unix ya miaka ya 1970, lakini ni cha diski nzima. Ukiipa noerror bila sync, sekta zinazoshindikana zinarukwa, imeji inafupika na kila kilichofuata kinahama mahali pake. Ukiipa sync na bs=4M, sekta moja mbovu inaweza kufuta MB nne kwa sifuri, na bibi harusi anakatwa shingo. Naamini hivyo ndivyo ilivyokuwa pale Makanyagio. Clonezilla ni nzuri kwa maabara ya shule yenye mashine 20 zinazofanana, si kwa mgonjwa.

Imeji isiandikwe kwenye FAT32, maana faili linaishia GB nne na kazi inakatika. Isiandikwe kwenye flashi ya bei rahisi inayodai GB 512 kabla haijapimwa kwa f3write na f3read; flashi nyingi za sokoni zinadanganya ukubwa wao, zinapokea kila kitu na kuhifadhi kidogo. Diski ya mteja isipandishwe, yaani mfumo usiifungue wenyewe inapochomekwa. Fundi aandike lsblk na aitaje diski kwa jina lake la /dev/disk/by-id, si kwa sdb, kwa sababu sdb ya leo kesho ni sdc, na anayekosea hapo anamwaga imeji tupu juu ya harusi ya watu. Wanaojivunia sha256sum wasinipotezee muda: inathibitisha kwamba nakala ya imeji inalingana na imeji, haisemi lolote kuhusu kilichobaki kwenye diski.

Diski ilale juu ya ubao, isilale juu ya kitambaa. Kazi ianze alfajiri, kabla joto la kiangazi halijapanda. Jina la imeji liwe na tarehe. Fundi anayefungua diski kwa bisibisi mezani, kwenye vumbi letu hili, asiitwe fundi.

Zamani tulikuwa wachache, na tulikuwa makini zaidi. Nakumbuka CD za Ubuntu zilizotumwa bure duniani kati ya mwaka 2005 na 2011. Yangu ilikuja kwa posta, na niliishika kama mtu aliyepokea barua ya nduguye. Treni ya Kaliua ilileta kompyuta kuukuu zimefungwa kwenye mablanketi, kilomita 210 za reli iliyojengwa kwa ajili ya madini ya risasi, na diski nyingi zilifika zimeshtuka. Hatukuwa na video za kutufundisha. Tulisoma man ddrescue ukurasa kwa ukurasa, tukaandika kwenye daftari. Siku hizo faili lile liliitwa logi. Jina la ramani lilikuja na toleo la 1.20, mwaka 2015, na naona ni jina zuri kuliko la kwanza. Mkoa wetu wa Katavi ulipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, mashine zikazidi mezani kwangu, na mafundi wakazidi mtaani. Madaftari sikuyaona tena.

Ile diski ya studio nimeiomba kwa mwenyewe. Ipo juu ya ubao tangu jana alfajiri, na ramani yake iko kwenye diski nyingine. Sehemu ya mwanzo ina alama za kutoa nyingi, katikati ni nzima. Picha za mahafali zinatoka. Za harusi bado ni nyota.

Wewe unayepeleka diski kwa fundi, Kashaulili, Kawajense au Inyonga, kabla hujatoa pesa mwambie akukabidhi mafaili mawili, imeji na ramani, na akuonyeshe kwa kidole mahali aliposhindwa. Akikuambia hakushindwa popote, mwombe akufungulie saa ya kuanza na saa ya kumaliza.