Kumpangia wa Mwisho

Kupanga safari ya baiskeli ya siku nne kwa watu wanane ni kazi isiyoonekana. Ikifanywa vizuri, wasafiri hurudi wakisimulia ukungu wa Magamba na baridi ya Lushoto, na hakuna anayekumbuka kwamba kuna mtu alikaa wiki kadhaa akipiga simu, akiuliza, akifuta na kuandika upya. Naiheshimu sana kazi hiyo. Kadiri ninavyoifanya ndivyo ninavyozidi kuamini kuwa ni ufundi kamili, wenye vipimo vyake na miiko yake, na unaostahili kusifiwa waziwazi.

Nizungumzie njia ninayoipenda kuliko zote, ya Usambara Magharibi. Mombo iko chini, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari. Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, unakaribia mita 1,400. Kati ya miji hiyo kuna kilomita 33 za lami inayojipinda bondeni kupitia Soni. Ukishapita Lushoto, njia inaendelea kupanda hadi msitu wa Magamba, inakatiza mashamba ya kabichi na karoti ya Lukozi, na kuishia Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa mlima. Hapo ardhi imekatika ghafla, na chini kabisa unaiona nyika ya Mkomazi imetandazwa mpaka milima ya Upare. Asubuhi isiyo na mawingu, Kilimanjaro nayo huonekana.

Mpangaji asiyeijua milima atatazama ramani, aone kwamba Lushoto hadi Mtae ni kilomita 60 hivi, agawanye kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, apate saa nne. Mipango mingi huharibika hapo. Mlimani kilomita haikwambii kitu. Kinachokwambia ni mwinuko. Mtu wa kawaida, anayeshinda ofisini na kupanda baiskeli mwisho wa wiki, hupanda kama mita 300 au 400 kwa saa akiwa na mzigo mdogo. Mombo hadi Lushoto, basi, ni karibu saa tatu za kukanyaga pedali bila kuhesabu mapumziko, na zinaanzia kwenye joto la tambarare. Ndiyo maana sianzii Mombo. Baiskeli zifungwe juu ya basi hadi Lushoto, watu walale huko usiku mmoja, miili izoee ubaridi, na asubuhi kila mtu aanze akiwa mzima. Wapo wanaosema kuukwepa mlima ni uvivu. Kwa kundi la mashindano sibishani nao. Kwa marafiki waliochukua likizo zao chache ili wawe pamoja, siku ya kwanza ikimvunja mmoja, siku tatu zinazobaki zitakuwa za kumuuguza.

Ramani za simu siku hizi huonyesha mwinuko, nami nazitumia. Lakini hazijui kwamba daraja limeliwa na maji mwezi uliopita, wala kwamba kipande fulani kikinyeshewa huwa utelezi mtupu. Wanaojua hayo ni wenyeji, na kuwauliza wenyeji kunahitaji akili. Ukimuuliza mtu ni umbali gani, atakwambia ni hapo tu. Hakudanganyi. Amezoea kutembea, na tena hataki kumvunja moyo mgeni. Mimi huuliza nauli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, mama. Ukitoka hapa kwenda gulioni unawalipa bodaboda shilingi ngapi?"

Jibu la swali hilo limebeba kila kitu: umbali, mwinuko, mawe, matope, na hata kama dereva atapata abiria wa kurudi naye. Vipande viwili vya njia vyenye urefu sawa kwenye ramani vikitofautiana nauli mara mbili, kile cha ghali ndicho kitakachotutoa jasho. Kisha naongeza swali la pili: mvua ikinyesha inakuwa shilingi ngapi? Nauli ikipanda kidogo, barabara inapitika. Akicheka na kusema siku hiyo hawaendi kabisa, naandika kwenye daftari kwamba kipande hicho kinahitaji njia mbadala. Ni lazima umuulize abiria, tena mwenyeji, kwa sababu dereva atakutajia bei ya mgeni. Na ukiwa hapo hapo uliza gulio ni siku gani. Siku ya gulio barabara hujaa watu na magari, na gesti nazo hujaa wafanyabiashara. Lakini siku hiyo hiyo ndiyo ya kupata matunda mazuri na kuona watu wa vijiji vyote. Mpangaji huamua mapema kama gulio analitaka au analikwepa.

Majira hayana mjadala mrefu. Masika ya Machi hadi Mei nayakwepa, na vuli pia. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa hunasa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likatae kuzunguka. Juni hadi Septemba ni kukavu, ingawa Juni na Julai Lushoto ina baridi ya kweli, na mtu wa Dar asiyebeba sweta atajuta.

Saa za siku nazo ni mali ya kugawanywa kwa uangalifu. Huku kwetu jua halicheleweshi usiku: karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni linazama, na muda mfupi baadaye ni giza. Kundi liwe limefika mahali pa kulala saa kumi jioni, si kumi na mbili. Saa mbili hizo ninazoziacha wazi ndizo uti wa mgongo wa mpango mzima. Humo ndimo pancha huzibwa, mvua hupishwa, na mtu aliyeishiwa nguvu husukuma baiskeli kwa miguu bila kuhisi kwamba anawachelewesha wenzake. Kama hakuna kilichoharibika, zinabaki kuwa saa za kukaa barazani, kunywa chai ya rangi na kupiga gumzo, na hakuna aliyewahi kunilalamikia kwa hilo. Mpango uliojaa pomoni huonekana mzuri kwenye karatasi, lakini jambo moja tu likichelewa, yote yanayofuata yanachelewa.

Hapa ndipo nafika kwenye jambo ninalolithamini kuliko yote. Msafara hupangwa kwa kipimo cha mtu wa mwisho. Wastani wa kundi hautoshi, na wa mbele hahitaji kupangiwa. Ni yule atakayekuwa nyuma saa ya nne ya siku ya tatu, huku miguu ikimwambia arudi. Kumjua mtu huyo kabla ya safari ni sehemu ya ufundi. Kwa watu wa Dar, Jumapili moja ya majaribio Kigamboni kuelekea Kimbiji inatosha. Siangalii nani ana kasi, maana saa ya kwanza wote wana kasi. Namwangalia anayenyamaza baada ya saa tatu. Anayelalamika bado ana nguvu za kulalamika. Aliyenyamaza ndiye wa kumpangia.

Mwenye nguvu kuliko wote simweki mbele. Mbele atawavuta wenzake kwa mwendo wake bila hata kukusudia, na wengine kwa aibu watamfuata mpaka wapasuke. Namweka nyuma afunge msafara, akiwa na pampu na viraka, na mbele namweka mtu mtulivu anayejua kuendesha taratibu bila kuchoka. Kwenye kila njia panda, wa mbele husimama mpaka wa mwisho aonekane. Hiyo ni kanuni inayojulikana. Isiyojulikana sana ni kwamba wa mwisho akishafika, ndipo dakika kumi za kupumzika zianze kuhesabiwa. Angalia kundi lisilo na mpangaji: walio mbele wameketi kivulini, wamekunywa maji, wamekula ndizi, yule wa nyuma anatokea anahema, nao papo hapo wananyanyuka, "Twende!" Aliyechoka zaidi ndiye asiyepumzika kabisa. Ni dhuluma ndogo inayorudiwa mara kumi kwa siku, na hakuna anayeikusudia. Kuiondoa hakugharimu shilingi hata moja. Inatakiwa tu mtu aliyeifikiria kabla na kuisema kwa upole asubuhi ya kwanza, mbele ya wote, ili isije ikaonekana inamhusu fulani.

Kuhusu chakula, Mfaransa Paul de Vivie, aliyefahamika kwa jina la Vélocio na kufariki mwaka 1930, aliwafundisha waendesha baiskeli wa zama zake kula kabla njaa haijaingia na kunywa kabla kiu haijashika. Mafundisho hayo yanafaa Usambara kama yalivyofaa milima ya kwao. Ila yeye hakuwa na shida ya kuku wa kienyeji. Watu wanane wakiingia kijijini saa saba mchana bila taarifa, na kuagiza ugali kwa kuku, kuku atakamatwa, atachinjwa, atanyonyolewa na kupikwa wakati wao wanasubiri, na alasiri yote itakwisha hapo. Kwa hiyo namba ya simu ya mama lishe ina thamani kubwa katika daftari langu. Jioni ya kuamkia siku hiyo napiga: mama, kesho tuko wanane, maharage na wali, saa sita na nusu, nusu ya malipo nakutumia sasa hivi kwenye simu. Kutuma malipo kabla ni adabu. Yeye ananunua mchele na mkaa kwa ajili yetu, na si haki abebe hasara peke yake kama tutakwama njiani.

Fedha ziwekwe mfuko mmoja, mtu mmoja azishike na aandike. Nimemaliza.

Mafundi ndio ninaotamani kuwasifu zaidi. Kabla ya safari huwa naulizia kila kijiji kikubwa kama kuna fundi baiskeli, na nikimpata nakaa naye. Kakaa kwenye kibao chini ya mparachichi, mbele yake beseni la maji yaliyochafuka. Anachomoa tyubu, anaijaza upepo, anaizamisha kipande kwa kipande akiizungusha mikononi, hadi mapovu madogo yapande mahali penye tundu. Anapashika kwa kidole gumba, anapakausha, anapakwangua kwa msasa mpaka rangi ya mpira ibadilike, anapaka solusheni kidogo, anapuliza, anasubiri. Huko kusubiri ndiko wengi hushindwa. Gundi mbichi haishiki. Kisha anabandika kiraka alichokikata mwenyewe kwenye tyubu kuukuu, anakigonga taratibu, na kurudisha tyubu ndani ya beseni kuhakikisha. Haruki hatua hata moja, ingawa ameifanya kazi hiyo maisha yake yote.

Kumtazama fundi kunanifundisha nini cha kubeba. Ana tyubu za inchi 28 na 26 za baiskeli za mizigo, ana spoku, golori, grisi na minyororo ya kawaida. Hana tyubu nyembamba za baiskeli za mashindano, na pampu yake haishiki vali zile nyembamba. Basi kundi likubaliane mapema: baiskeli nyingi iwezekanavyo ziwe na magurudumu ya saizi moja, na matairi mapana yanayostahimili changarawe. Wenye vali nyembamba wabebe kiungio chake na tyubu mbili za akiba. Raba za breki kila mtu abebe zake. Ukiwa na vitu hivyo, fundi wa kijiji chochote ni fundi wako.

Kila siku ya safari iwe pia na mahali pa kutokea, yaani kijiji chenye gari la kurudi Lushoto au hata bodaboda wawili wenye kamba imara, kabla ya mpando mkubwa wa siku hiyo. Nawatajia wasafiri mahali hapo usiku uliotangulia, kwa jina, na nawaambia kwamba atakayepanda gari hapo tutamkuta jioni na chakula chake kikiwa mezani. Watu wakijua mlango uko wazi, wengi hupata nguvu ya kuendelea. Asiyependa kuendelea anaondoka bila aibu.

Siku ya nne, tukiwa tumesharudi Lushoto kutoka Mtae, ni ya kushuka hadi Mombo, na mteremko nao una masharti yake. Breki za kubana rimu hupata moto kwenye mteremko mrefu, kwa hiyo tunasimama Soni, panapoonekana maporomoko ya maji, tuguse rimu na kuziacha zipoe. Kona ni kali, na mabasi na malori ya mboga yanaitumia barabara hiyo hiyo nyembamba. Tunaondoka mapema asubuhi, mmoja mmoja, kwa nafasi kubwa kati ya mtu na mtu, na siku hiyo tu mfunga msafara anakuja mbele kuzuia kasi.

Mombo niliichagua kuwa mwisho kabla sijachagua chochote kingine. Mabasi ya Arusha na Moshi yanapita hapo, ya Tanga na Dar vilevile, na kabla ya saa sita mchana kila mtu anaweza kupata gari la kwao. Tunafungua pedali, tunageuza usukani uwe sambamba na fremu, tunakubaliana na wapakiaji bei ya kila baiskeli kabla haijanyanyuliwa. Yule aliyekuwa wa mwisho siku ya tatu napenda apakie wa kwanza. Wakati wa kuagana namkabidhi mmojawapo daftari, lenye nauli zake, namba za mama lishe na miparachichi ya mafundi, ili safari ijayo aipange yeye. Na namwomba aanze kwa kuuliza nani hakuja safari hii kwa kuogopa kuwachelewesha wenzake.