Maji ya Ubatizo na Seremala Asiyeguswa

Kitabu tunachotaka kusema habari zake leo kimetoka India. Jina lake ni The God of Small Things, na wenye kusoma Kifaransa watakipata kwa jina la Le Dieu des Petits Riens. Mtungaji wake ni Arundhati Roy, binti wa mama Mkristu wa Kerala, kusini ya India. Kilitoka mwaka 1997, na mwaka ule ule kikapata tuzo la Booker kule Uingereza. Kijana wa shule hatumpi kitabu hiki, maana mna mambo ya mwanamume na mwanamke yaliyosemwa wazi mno. Lakini watu wazima, na hasa sisi tunaofundisha wakatekumeni, tungefanya vema kukisoma. Kinatushitaki, na mashitaka yenyewe si ya uongo.

Kwa wasiojua desturi za India, tueleze kidogo. Kwa Wahindu, tangu zamani, mtu huzaliwa ndani ya tabaka lake, na tabaka hilo humwekea kazi, mchumba na watu wa kula nao. Chini ya matabaka yote waliwekwa watu walioitwa wasioguswa. Mahali pengine hata kivuli chao kilihesabiwa kuwa unajisi. Siku hizi wengi wao hujiita Dalit, maana yake waliopondwa. Katiba ya mwaka 1950 ilipiga marufuku desturi ile. Basi Mkristu akisikia hayo husema upesi: hayo ni ya Wahindu, sisi tuna Evanjili. Hapo ndipo kitabu hiki kinapotungoja.

Hadithi ni ya mwaka 1969, katika kijiji cha Ayemenem, kwa jamaa moja ya Wakristu wa Siria, wale wanaosema kwamba imani yao ililetwa na Tomaso Mtume mwenyewe. Mzee wa ukoo alikuwa padri wa Kanisa la Mar Thoma (kwao mapadri huoa). Binti wa nyumba, Ammu, ameachana na mume wake na kurudi kwao na watoto mapacha. Karibu nao anakaa Velutha, seremala, mtu wa Paravan, yaani asiyeguswa. Mikono yake yaweza kutengeneza kila kitu, hata mashini za kiwanda cha jamaa ile. Lakini analipwa pungufu ya seremala mwingine, wala haitwi nyumbani ila kuna kitu kilichovunjika. Ammu na Velutha wanapendana kwa siri. Jambo linajulikana, shangazi ya Ammu anapeleka uongo kwa polisi, na polisi wanampiga Velutha mpaka kufa.

Wako waliosema kitabu hiki ni kichafu; kule Kerala wakili mmoja alikipeleka hata kortini kwa ajili ya sura yake ya mwisho. Sisi hatulitetei kosa la Ammu na Velutha. Amri ya Mungu ni amri. Lakini msomaji atazame vizuri jamaa ile wanakasirikia nini. Kaka yake Ammu, jina lake Chacko, anazini na wanawake wa kiwandani, na mama yao anajua. Afanyaje? Anamtengenezea mlango wa peke yake katika chumba chake, wanawake wapite bila kukatiza nyumba, tena anawapa fedha kwa siri. Amri ni ile ile ya sita. Kosa la mmoja limejengewa mlango, la mwingine limelipwa kwa roho ya mtu. Na shangazi, apatapo habari za Ammu, neno linalomtoka si la dhambi wala la Mungu: anauliza alivyoweza kuvumilia harufu ya Paravan. Kama ni uchafu, mtungaji ametuonyesha ulipo.

Lakini ukurasa uliotuchoma zaidi ni mfupi, na msomaji wa haraka aweza kuuruka. Ni habari za Kelan, babu yake Velutha. Waingereza walipofika Malabar, Kelan na wenzake wengi waliingia Kanisa la Waanglikana ili watoke katika unyonge wao. Wakapewa chakula na fedha kidogo. Halafu wakatengewa makanisa yao, ibada zao, mapadri wao, hata askofu wao. Kisha India ikapata uhuru, serkali ikaanza kuwasaidia wasioguswa kwa kazi na mikopo. Watoto wa Kelan wakajibiwa kwamba wao si wa hesabu hiyo, kwani katika karatasi ni Wakristu, na Mkristu hana tabaka.

Hayo mtungaji hakuyaokota hewani. Amri ya serkali ya mwaka 1950 iliweka msaada ule kwa Wahindu tu. Wasiki waliongezwa mwaka 1956, Wabudha mwaka 1990. Wakristu na Waislamu hawakuongezwa. Maaskofu wa India wameipinga amri hiyo miaka mingi, nao wana haki, kwa sababu njaa ya Dalit aliyebatizwa ni njaa kama nyingine. Lakini tufikiri kidogo. Karani wa serkali, pengine Mhindu, ameandika katika daftari yake kwamba maji ya ubatizo yamemtoa mtu huyu katika tabaka lake. Na kanisani, mbele ya altare, wenzake wamemwonyesha pa kukaa peke yake. Ni nani kati yao aliyesadiki ubatizo?

Paulo Mtakatifu alikwisha kuwaandikia Wagalata juu ya mtumwa na mwungwana, tena kwa maneno yasiyohitaji mfasiri. Ndiyo sababu kosa letu ni zito kuliko la Mhindu wa zamani. Yeye aliambiwa na wazee wake kwamba ndivyo dunia ilivyopangwa. Sisi tuliambiwa kinyume, tukafanya yale yale. Wala tusicheke India kutoka mbali: kwetu mashariki ya Kongo wako wabatizwa wasiokubali kunywa katika kikombe kimoja na Mtwa, nao asubuhi ya Dominika hupokea Komunyo pamoja naye.

Tukisema hivyo, kitabu nacho kina upungufu. Katika nyumba ile ya Wakristu hakuna hata mtu mzima mmoja mwenye kusali kwa moyo. Padri Mulligan, Mjezwiti wa Irlandi, anakuja kusoma vitabu vya Wahindu ili avipinge, na mwisho anajifanya Mhindu mwenyewe. Twaona mtungaji alimtumia kwa kucheka tu. Shule ambayo babu padri aliwafungulia wasioguswa, naye Velutha alisoma humo, imetajwa na kupitwa mbio. Kumfundisha mtoto asiyeguswa kusoma si jambo dogo. Hata hivyo twakubali kwamba mtu aliyewafungulia shule ya peke yao alikuwa amefungua nusu ya mlango.

Tena Wahindu waliopigana na desturi hiyo karibu hawaonekani. Vaikom si mbali na Ayemenem. Huko, mwaka 1924 na 1925, watu waliteswa na kufungwa wakidai wasioguswa wapite katika njia zilizozunguka hekalu. Mkristu mmoja, George Joseph, alikuwa kati ya viongozi. Gandhi akamwandikia awaachie Wahindu kazi ile, kwa kuwa dhambi ni yao, na wao ndio wapaswao kuteseka kwa ajili yake. Wengine wanaona neno hilo ni la kufukuza. Sisi twaliona ni neno la mtu anayejua nyumba yake na takataka zake. Na mwezi wa Novemba 1936 mfalme wa Travancore, Mhindu, aliwafungulia watu wote wa dini yake mahekalu ya nchi.

Kwetu Wakatoliki kazi hiyo imechelewa. Baba Mtakatifu Yoane Paulo II aliwaonya maaskofu wa Tamil Nadu mwaka 2003 juu ya ubaguzi wa tabaka kati ya Wakristu. Mwezi wa Desemba 2016 maaskofu wa India walitoa hati nzima juu ya Dalit, wakikiri kwamba ubaguzi ungali ndani ya Eklezya. Mwaka 2022 Askofu Mkuu Anthony Poola wa Hyderabad aliwekwa kardinali, Dalit wa kwanza kufika daraja hiyo.

Msomaji akifika mwisho wa kitabu, arudi atazame makaburi. Ammu anapokufa, Kanisa linakataa kumzika. Kaka yake anakodi gari na kumpeleka kuchomwa moto. Velutha, mjukuu wa yule Kelan aliyebatizwa, anatupwa na polisi katika shimo la maskini. Hiyo ni hadithi. Lakini mjini Tiruchirappalli, katika makaburi ya Wakatoliki, palijengwa ukuta wa matofali kati ya wafu wa tabaka za juu na wafu walio Dalit, na padri aliyekwenda kuwazika alisali sala zile zile pande zote mbili.