Uso wa Bloku na Hatari ya Mng'aro

Gari linapoletwa gereji huku moshi mweupe ukilifuata nyuma, ilhali maji ya rejeta hupungua kila siku bila ya kuonekana pa kuvujia, na fundi akaifungua silinda hedi na kuikuta gasketi imeungua baina ya silinda na tundu la maji, aghalabu macho ya wote waliohudhuria hukimbilia hedi peke yake: imepinda, imepasuka, ipelekwe kuchongwa, na bloku, ambayo haing'oki garini kwa wepesi, husahauliwa hata saa ya mwisho, ndipo ikasuguliwa kwa pupa mpaka ikameremeta. Mng'aro huo ni hasara.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa injini yangu mwenyewe, iliyosuguliwa bloku yake katika gereji moja kwa kisahani cha msasa kilichofungwa katika mashine ya kuzunguka, haikumaliza mwezi wa pili kabla ya kuanza kugonga, na ilipofunguliwa, beringi za krenki zilikutwa zimechimbika mistari. Sababu yake si siri. Vumbi la visahani hivyo huwa na chembe za oksidi ya alumini, ngumu kupita beringi na krenki yenyewe, nazo huteremka katika njia za oili. Na oili inapokuwa nzito kwa baridi ya asubuhi, mlango wa dharura wa chujio huweza kufunguka, oili ikapita pasipo kuchujwa. General Motors ya Marekani ilikwisha kuwaonya mafundi kwa waraka juu ya jambo hili hili.

Kinyume chake nilikiona baadaye, juu ya Hilux yenye injini ya 22R, ambayo bloku yake ni ya chuma cha kusubu na hedi yake ni ya alumini. Fundi, mtu mzima asiye na haraka, kwanza alijaza vitambaa safi katika silinda na kuziba kila tundu la maji na la oili, akapaka grisi ukingoni mwa kila pistoni ili taka itakayoponyoka inaswe hapo. Kisha akapulizia dawa ya kulainisha gasketi, akaketi kando hata mabaki yalipovimba na kulegea, ndipo akashika wembe mpana, akaulaza karibu sawa na uso wa chuma, akausukuma taratibu. Juu ya hedi hakuthubutu kuutumia wembe huo, maadamu alumini ni laini na mkwaruzo mmoja hutosha kuwa mfereji wa maji. Huko alitumia kipande cha plastiki ngumu, na subira.

Alipomaliza, bloku haikumeremeta: ilikuwa ya kijivu, na alama za mashine ya kiwandani zilionekana dhahiri, nami nikafahamu kuwa hiyo ndiyo sifa yake, kwani kisahani cha msasa hula zaidi pale mkono unapokaa, kikaacha mabonde yasiyoonekana kwa jicho. Alilaza rula ya chuma juu ya bloku, kwa urefu, kwa upana na pembe kwa pembe, akijaribu kupenyeza chini yake bamba la kupimia la 0.05 mm, ambayo ndiyo hadi ya kupinda kwa bloku hiyo, takriban nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia. Halikupita.

Zikasalia tundu za bolti, ambazo wengi huzidharau. Maji au oili ikibaki katika tundu isiyotoboka chini, bolti inapokazwa huigandamiza isipate pa kukimbilia, na nguvu hiyo yaweza kuipasua bloku, au ikamdanganya fundi kwamba bolti imekaza ilhali hedi haijabanwa. Alizinyonya moja moja kwa kitambaa kilichozongwa juu ya bisibisi, akavitoa vitambaa vya silinda kwa kuvikunja taka ikiwa ndani, akafuta grisi, na mwisho akapitisha thina kwa kitambaa cheupe, akarudia kwa kingine, na kingine, hata kilipotoka cheupe kama kilivyoingia. Ndipo akanawa mikono na kuitoa gasketi mpya katika karatasi yake.