XAMPP: mwalimu mzuri anayeficha nusu ya somo

Kama umewahi kujifunza PHP, huenda ulianzia kwenye XAMPP. Unapakua faili moja, unabofya mara kadhaa, unawasha Apache na MySQL, kisha unaandika localhost kwenye kivinjari. Inakubali! Raha yake naijua. Hata leo ukiniuliza mtu asiye na intaneti ya uhakika aanzie wapi, nitakutajia hiyo hiyo.

Lalamiko langu ni kwamba inakuzoesha kuona seva kama programu tu, ukishaisakinisha basi. Kumbe seva ni programu pamoja na mfumo endeshi ulio chini yake, na mfumo wa kwenye laptopu yako mara nyingi si ule utakaoukuta mbele ya safari.

Yalinikuta mwenyewe. Mradi wangu wa shahada ya kwanza niliuandika kwenye Windows. Jedwali moja nililiita Wanafunzi, kwa W kubwa, na kwenye msimbo nikaliita hivyo hivyo. Siku mbili kabla ya kuwasilisha nikauhamishia kwenye seva ya Linux. Kila ukurasa ukanijibu kwamba jedwali halipo. Nalitazama kwa macho yangu, lipo! Usiku mzima nikahangaika, mara nenosiri, mara toleo la PHP.

Sababu yenyewe ni ndogo mno. MySQL na MariaDB zina mpangilio uitwao lower_case_table_names. Kwenye Windows thamani yake ya kawaida ni 1: majina ya majedwali yanahifadhiwa kwa herufi ndogo, na ukiyaita kwa kubwa au ndogo ni sawa tu. Kwenye Linux ni 0, kwa hiyo Wanafunzi na wanafunzi ni majedwali mawili tofauti. (macOS nayo ina yake, 2.) Nilipohamisha data, jedwali lilishageuka wanafunzi zamani, huku msimbo ukiendelea kutafuta lenye W kubwa. Programu haikuwa na kosa lolote. Ilifuata desturi ya mafaili ya mfumo iliyoukuta.

Ruhusa nazo ni hivyo hivyo. Kwenye Windows, Apache ukiiwasha kutoka paneli ya XAMPP inafanya kazi kwa jina lako, inaandika kwenye folda zako bila hodi. Kwenye Ubuntu inahudumia kurasa kwa jina la www-data. Asipopewa ruhusa, picha wanazotuma watumiaji haziingii. Nenda Fedora: kifurushi kinaitwa httpd, hakijiwashi chenyewe baada ya kusakinishwa, na SELinux inaweza kukuzuia hata kama ruhusa za kawaida ziko sawa.

Halafu kuna root ya hifadhidata isiyo na nenosiri. Watengenezaji wa XAMPP wamesema wazi kuwa ni ya kujaribia kazi, si ya kuweka hadharani. Kwa hiyo lawama zaidi ni zetu, tunaoandika miongozo inayoishia pale localhost inapofunguka.

Ningekuwa nafundisha, wiki ya kwanza ingekuwa XAMPP. Ya pili, aliye na Windows 10 au 11 angeweka WSL 2, ambayo ina kiini halisi cha Linux, asakinishe Apache na MariaDB kwa mkono, akwame, asome kumbukumbu za makosa. Na majina ya majedwali aandike kwa herufi ndogo tupu.